Taratibu Bado Yuko Msituni

Nyumbani, 2 Machi

Wifi yangu wa msituni,

Salamu zako ni kapu zima, chagua uzipendazo. Huku wote wazima, isipokuwa Pacha mmoja kang'oka jino na mwenzake analia kwa wivu kwa kuwa la kwake bado limeshika. Mama yako naye hajambo. Kila asubuhi anapita kuniuliza nitapika nini, nikimjibu anatikisa kichwa, anakwenda kupika anachotaka yeye. Kazi ipo. Wiki hii nashona viti vya basi la shule, buluu iliyokoza, na rangi imeniingia mpaka kwenye kucha. Mteja wa jana alirudisha mkono wake nyuma, akadhani nina ugonjwa.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Kaka yako alipoondoka na lile kundi la watazama ndege aliniambia wiki moja tu, kwenda, kukaa na kurudi. "Wazee sita na darubini zao," akasema, "hata pancha hawataniletea." Nikamfungia mashati matatu. Wiki imepita, na nyingine imepita juu yake. Nimekwenda ofisini kwa tajiri wake. Kaniambia wageni wamesharudi salama kwa gari jingine, na gari la mume wangu limepata hitilafu kidogo, dereva yuko nalo huko huko loji. Hitilafu gani? Hajui. Litapona lini? Hajui. Mtu ana magari manne tu na la nne hajui linaumwa nini!

Wewe ndiye mfua shuka wa loji hiyo hiyo. Unamwona kila siku. Najua simu hazishiki huko, najua barua lazima zisubiri lori la vyakula. Lakini mume wangu ana mikono miwili na lori linapita. Mbona sijapata hata mstari?

Niambie tu, wifi. Anaumwa? Kanuna? Mtu anayeitwa Taratibu nchi nzima kwa jinsi anavyoendesha hapotei hivi hivi.

Wifi yako,
Mama Pacha


Loji, 20 Machi

Mama Pacha, wifi yangu,

Barua yako imefika imelowa upande mmoja, kama kila kitu huku. Mpe pole aliyeng'oka jino na umwambie mwenzake asiwe na haraka, meno hayana foleni. Mimi mzima ila mgongo. Mvua haitupi nafasi. Nafua, naanika barazani, shuka zinakauka nusu, nusu nyingine namalizia kwa pasi ya mkaa. Mgeni akijilaza huku analala juu ya jasho langu.

Kaka yupo na anakula. Gari limevunjika springi ya nyuma, barabara ya kuingilia huku ni matope matupu, springi imeagizwa. Ikifika itafungwa na ataondoka. Haumwi.

Hukuniuliza habari za lile kundi, lakini ngoja nikuchekeshe. Wale wazee wanaamka kabla ya kuku, wanavaa viatu vya mpira na soksi ndefu kwa kuogopa ruba, wanatoka mmoja nyuma ya mwingine kimya kama wanaokwenda kuiba. Wakirudi wamelowa chepechepe na wanagombana. Mmoja kaona mkia, mwingine kaona kifua, wa tatu kaona tawi likitikisika tu lakini hakubali kushindwa. Kuna mama mmoja, mfamasia mstaafu, tulimpa jina la Mama Darubini maana haivui shingoni hata mezani, inachovya kwenye mchuzi. Yeye mkono wake mmoja ulikuwa umefungwa kwa kitambaa, na bado alitoka kila siku, akatazama kwa mkono uliobaki. Walikuwa wanamtafuta ndege mdogo wa chini, mgongo kijani, tumbo jekundu, anayetembea juu ya majani makavu kama mtu aliyepoteza pete. Wameondoka hawajamwona. Mama Darubini peke yake anasema alimwona njiani, siku waliyokuja, na wenzake hawamwamini.

Hondohondo ndio hawana shida, wamejaa. Wakipita juu ya paa mbawa zao zinavuma mpaka nasimamisha pasi kusikiliza.

Kuhusu kuandika, unamjua kaka. Kalamu na yeye hawajawahi kusalimiana.

Msalimie mama. Usihangaike.

Wifi yako wa loji


Nyumbani, 6 Aprili

Wifi,

Tunaendelea. Jino la pili limeng'oka, sasa nyumba nzima inazungumza kwa kupuliza. Mama mzima. Viti vya basi la shule nimevimaliza, nimeanza vya gari la kubebea wagonjwa, na hivyo havitaki mchezo, kila mshono lazima uoshike.

Umeniambia springi imeagizwa. Wifi yangu, umesahau mimi nafanya kazi wapi? Ukuta mmoja tu unanitenga na gereji ya Fundi Spana. Nilipomaliza kusoma barua yako nikatoka na sindano mdomoni, nikamuuliza. Akasema springi aliifunga yeye mwenyewe kwa gunia, akaipandisha kwenye lori la vyakula hata kabla sijakuandikia ile barua ya kwanza. Akanionyesha kwa mikono ukubwa wake. Lori hilo hilo linaloleta barua zangu! Barua ifike, chuma kile kishindwe?

Na yule Mama Darubini wako. Umeandika mkono wake umefungwa kitambaa, ukapita haraka ukaenda kwa hondohondo. Mtu hafungwi mkono kwa kutazama ndege. Alifanya nini?

Sitazunguka sana. Kama kuna mwanamke, niambie. Mpishi, mpokea wageni, mgeni mwenyewe, yeyote. Mimi si mtu wa kuzimia. Ninachoshindwa ni huku kukaa na kusimama. Naketi kwenye cherehani, nainuka, nachungulia barabarani, narudi, uzi umekatika. Majuzi nimeshona kiti kinyume, mgongo ukaangalia chini. Pacha mmoja kaniuliza kama baba kahamia kwa ndege. Mwenzake haulizi kitu, na huyo ndiye anayenitisha.

Usiponiambia nitakuja.

Mama Pacha


Loji, 30 Aprili

Wifi yangu,

Nisamehe kuchelewa. Lori lilikwama kwenye mteremko wiki nzima, tukala maharage mpaka wageni wakaanza kutafuta sababu za kuondoka. Pole na viti vya wagonjwa. Mgongo wangu umepoa kidogo, asante kwa kutouliza.

Springi ilifika. Ndiyo. Imefungwa. Nilikuandikia vile kwa kuwa ndivyo nilivyoambiwa niandike, na sasa usiniulize nani aliniambia.

Lakini mwanamke hakuna. Naapa kwa jina la baba yetu aliyetuzaa mimi na yeye. Kaka yuko hivi: alfajiri anaamka na wageni, kundi lolote litakalokuwepo, na anawabebea ile miguu mitatu ya kusimamishia darubini kubwa. Hakuna aliyemtuma. Anatembea wa mwisho. Wakisimama anasimama, wakichuchumaa anachuchumaa. Jana kundi la walimu lilikaa chini ya mti mmoja asubuhi nzima kwa sababu ya ndege asiyezidi kidole, na kaka alikaa nao, mvua inamwingia kwenye kola, hakujifuta. Wakirudi anafagia njia. Akimaliza kufagia anafagia tena. Akiketi goti linaruka, lile la mguu wa kulia, mpaka vikombe vinalia mezani. Mimi namwambia, kaka, pumzika. Ananijibu, nimechoka kupumzika.

Mama Darubini aliumia mfupa wa bega. Aliteleza.

Usije, wifi. Barabara haipitiki, na hata ikipitika, usije. Niachie kidogo.

Na mimi nina swali langu. Mama ameniandikia. Anasema kila jioni ukishafunga kazi unapanda gari la Fundi Spana, mnaelekea kule kwenye uwanja wa zamani wa mnada, mnarudi giza likiingia, na nywele zako zimelowa jasho. Anasema majirani wameanza kusalimia kwa kukohoa. Umeniuliza habari za mwanamke kwa sauti kubwa sana, Mama Pacha. Sasa mimi niulize kwa sauti ndogo: Fundi Spana amefiwa na mkewe miaka mitatu sasa. Jioni mnakwenda wapi?

Wifi yako


Nyumbani, 14 Mei

Wifi,

Watoto wazima. Mama yako mzima, na sasa najua anapata wapi nguvu.

Mama hajakudanganya. Napanda gari la Fundi Spana kila jioni, tunakwenda kwenye uwanja wa mnada, narudi na jasho. Sina la kuongeza. Ukiweza kuniambia "aliteleza" ukaweka nukta, na mimi naweza kuweka nukta yangu hapa.

Jambo moja ulifikishe. Tajiri amenichoka. Amesema akipata kundi jingine la ndege atatuma mtu alete gari, na kaka yako atafute pa kwenda. Mwambie, au usimwambie, kama mlivyozoea.

Mama Pacha


Loji, 7 Juni

Wifi yangu, Mama Pacha,

Sijui nianze na salamu gani. Mvua imepungua. Watoto nawabusu. Nimeanza barua hii mara nyingi, na kila mara nainuka kwenda kukunja shuka ambazo nilishazikunja.

Nilimfikishia ya tajiri. Alikuwa anakata nyasi. Akasema, "Sawa," akaendelea kukata palepale alipokwisha kata.

Sasa nakuambia nilichokiona, na hapa navunja ahadi niliyompa. Wiki iliyopita lilikuja gari la kuleta tangi la maji. Basi dogo la kaka lilikuwa limesimama njiani, mahali palepale lilipoegeshwa tangu fundi wa hapa alipomaliza kulitengeneza. Meneja akamwita: "Taratibu, lisogeze kidogo, tangi lipite." Kidogo, wifi. Kutoka mlangoni mwangu mpaka jikoni. Kaka akatoa ufunguo mfukoni. Akaufikia mlango wa gari, akaushika mpini, akasimama. Nikadhani mlango umekwama. Meneja akapiga honi ya lile gari jingine kwa utani. Kaka akaruka kama aliyechomwa. Akasema, "Tairi la mbele halina upepo." Akamrushia mpishi ufunguo, akaondoka.

Nilikwenda nikalibonyeza lile tairi kwa kidole gumba. Gumu kama jiwe.

Nikamtafuta. Alikuwa nyuma, kwenye kamba zangu za kuanikia. Niliona viatu vyake tu chini ya shuka. Nikamwita. Hakuitika, ila shuka iliyokuwa mbele yake ilikuwa inatetemeka na upepo haukuwepo.

Tangu siku ile waliyofika na kundi la Mama Darubini hajaketi kwenye usukani hata mara moja. Aliniambia, "Ukimwambia mke wangu, sina tena dada." Aliniapisha nikiwa bado sijajua naapia nini. Kilichowapata njiani, kwenye daraja la magogo chini ya mteremko, hajawahi kukisema, na wageni nao waliondoka bila kunieleza. Mimi nilichokiona ni watu wanafika kwa miguu wamejaa matope, na kaka nyuma yao, amebebwa mabegani na wanaume wawili, na hakuwa na jeraha.

Niliona kukuambia ni kumvua nguo kaka yangu mbele ya mkewe. Sasa naona kunyamaza ndiko kunakomvua. Niliandika usije. Nafuta. Njoo, wifi. Njoo vyovyote uwezavyo, hata kama ni na huyo Fundi Spana wako, sitauliza.

Wifi yako wa loji


Nyumbani, 5 Julai

Wifi yangu,

Tumefika. Nilitaka nikuandikie siku hiyo hiyo lakini mikono ilikuwa bado inashika usukani hata nikiwa kitandani. Watoto walimrukia baba yao mpaka wakamwangusha mlangoni. Yule asiyeuliza kitu aliuliza vyote kwa pamoja. Mama yako alikuja na sufuria, akamtazama mwanawe, akasema amekonda, kisha akanitazama mimi, akasema na mimi nimekonda. Nadhani huko ndiko kuniomba radhi. Nimeipokea.

Kaka yako juzi alikwenda kwa tajiri, kwa miguu, peke yake, kurudisha ufunguo. Sikulala mchana ule wala sikushona. Aliporudi alisema, "Nimemwambia siwezi kuendesha. Si kwamba sitaki. Siwezi." Nikamuuliza tajiri kajibu nini. "Kaniuliza kama nina homa." Basi. Sasa anashinda nami hapa kazini, ananikatia sponji. Anaikata vibaya, inakuja kama mkate ulioumwa na panya, na mimi nairekebisha akienda kunywa maji. Usiku anageuka, nageuka. Hatujatulia, nisikudanganye. Lakini tunahangaika chumba kimoja.

Pale loji hatukupata nafasi ya kuzungumza, wewe na shuka zako, mimi na mtu wangu, kwa hiyo ngoja nikuambie yaliyobaki.

Fundi Spana alikuwa ananifundisha kuendesha. Umecheka? Cheka. Nilimwomba siku ile aliponiambia springi alishaipakia kwenye lori. Nilitaka nije mwenyewe, nikamate mtu, nimwone huyo mwanamke uso kwa uso, nigeuze gari niondoke nikiwaachia vumbi. Miaka kumi na tatu nashona viti vya madereva na sijawahi kukaa kwenye hata kimoja gari likiwaka. Kaka yako alikuwa akinicheka: "Wewe shona, kuendesha niachie." Ndiyo maana sikumwambia mtu. Kwanza niligonga nguzo ya mnada mara mbili. Fundi Spana kila nikikosea klachi alimtaja marehemu mkewe, nadhani alikuwa anamwomba ampokee. Lile jasho lililoonekana na majirani lilikuwa la woga.

Leseni niliipata wiki ambayo barua yako ya shuka na tairi ilifika. Niliisoma nimesimama gereji. Hasira yote niliyokuwa nayo ikakosa pa kukaa. Nikaenda kwa tajiri, nikamwekea leseni mezani. "Kundi lako la ndege likienda, nipakie. Gari nitalirudisha mimi." Alicheka, kisha akaacha kucheka, maana madereva wake wote wawili walikuwa wamekataa kulifuata lile gari.

Kwa hiyo nikaja na watazama ndege, kiti cha nyuma, nimebanwa kati ya mabegi na Mama Darubini. Ndiyo, yeye yule, bega limepona, amerudi kwa ajili ya ndege wake wa tumbo jekundu. Wifi, watu wale wana wazimu mzuri. Kila baada ya kona mtu anapiga kelele, "Simama!" na dereva anakanyaga breki, na wote wanalalia dirisha moja mpaka gari linainama. Kumbe kunguru. Tunaondoka. "Simama!" Mimi moyo unaruka kila mara, wao wanaandika.

Tulipofika kwenye ule mteremko wa mwisho kabla ya daraja la magogo, Mama Darubini akaishusha darubini. Akanishika mkono. Hakujua mimi ni nani.

"Hapa," akaniambia, "hapa ndipo nilipomharibu mtu."

Nikamuuliza mtu gani.

"Dereva wetu wa mara ile. Alikuwa anashuka polepole, anajua kazi yake. Nikamwona yule ndege, palepale kando ya njia. Nikapiga kelele asimame. Alikuwa mtu wa adabu, alikuwa akisimama kila tulipomwambia. Akasimama. Gari likateleza na matope, likazunguka, tairi ya nyuma ikatoka nje ya daraja."

Akasema gari lilikuwa linaning'inia nyuma, magogo yanalia, maji chini. Mume wangu hakugeuka. Aliwaambia kwa sauti ile ile anayowaambia wanawe wale chakula: toka mmoja, subiri, toka mwingine. Yeye mguu uko juu ya breki. Mama Darubini alikuwa wa nyuma kabisa, bega limevunjika, walimvuta kupitia dirishani. Walipotoka wote wakamwambia sasa ruka. Hakuweza kuutoa mguu. Wanaume wawili waliingia kwa mlango wa mbele, wakamshika kwapani, wakamng'oa pale kama wanavyong'oa msumari. Ndipo gari likashuka, likakaa juu ya ukingo, springi ikakatika.

"Mwaka mzima huu," akasema, ingawa si mwaka, "nikifumba macho namwona ndege, na nyuma yake namwona yule dereva. Nilitaka kumwomba radhi, akakataa kunitazama."

Nikamwambia mimi ni mkewe. Alilia, wifi, darubini ikajaa ukungu. Nikampa kitambaa changu cha kufutia mistari ya chaki. Uso wake ulibaki na chaki.

Mengine uliyaona. Uliona niliposhuka hakuniuliza nimefuata nini, aliniuliza kama viatu vyangu vimelowa. Asubuhi ile ya kuondoka ulitupungia mkono kutoka kwenye kamba, ukadhani ule ukimya wetu ni ugomvi. Hapana. Nilikuwa nimemwambia, "Panda." Akauliza, "Nani anaendesha?" Nikamwonyesha leseni. Aliishika muda mrefu, akaigeuza, akasoma na nyuma. Akasema, "Picha umetoka kama mtu aliyekamatwa." Akapanda.

Mpaka darajani alitazama barabara tu. Mikono juu ya magoti, goti moja linaruka. Nikapunguza mwendo. Akasema, "Simamisha." Nikasimamisha. Akafungua mlango, akashuka, nikadhani anakwenda kutapika. Alikwenda mpaka juu ya magogo, akageuka, akanitazama. Akainua mikono miwili, kama wanavyofanya mafundi gereji, akaanza kunivuta. Njoo. Njoo. Kata kushoto. Simama hapo. Njoo. Alikuwa anarudi kinyumenyume juu ya magogo yale, haangalii anapokanyaga, anaangalia matairi yangu tu. Nilikuwa nalia na sikuthubutu kufuta macho maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Tulipovuka akaja upande wangu. Akafungua mlango. "Sogea kidogo," akasema.

Nikasogea. Akaketi. Akaweka mikono kwenye usukani, akaupapasa huku na huku, kile kifuniko nilichomshonea mwenyewe. Injini ilikuwa inaunguruma. Nikamwona anausukuma mguu wa kulia kidogo kidogo, kama mtu anayepima maji ya kuoga, mpaka ukagusa breki. Ukakaa hapo. Jasho likamtoka usoni, likaanguka shatini. Nikatazama msituni ili nisimtazame.

Kisha akazima injini.

"Bado," akasema.

"Basi zunguka," nikamwambia.

Akazunguka. Akafunga mkanda, akashusha kioo, akatoa kiwiko nje. Nikawasha. Gia ilikataa mara ya kwanza, ikalia, na yeye, aliyezoea kunicheka, akatazama msituni. Ya pili ikaingia.

Wifi yako,
Mama Pacha